Corvette ya 1963: Mhimili Ule Ungebakizwa

Katika magari yote ya michezo yaliyoundwa Marekani, sijaona lililochorwa kwa ujasiri kama Chevrolet Corvette Sting Ray ya mwaka 1963, hasa lile la paa gumu, ambalo kioo chake cha nyuma kiligawanywa vipande viwili na mhimili mwembamba wa bodi. Mhimili huo uliwagombanisha wakubwa wawili wa General Motors, kampuni mama ya Chevrolet. Zora Arkus-Duntov, mhandisi wa Corvette, aliupinga kwa sababu ulimziba dereva asione vizuri yanayomjia kwa nyuma, ilhali Bill Mitchell, mkuu wa idara ya usanifu, alishikilia kwamba ukiondolewa umbo zima litaharibika. Mitchell alishinda kwa mwaka mmoja tu, kwani modeli ya 1964 ilitoka na kioo kimoja.

Kuhusu usalama, sina la kumbishia Duntov. Kuhusu umbo, nasimama na Mitchell. Ukilitazama gari hilo kutoka juu, utaona mstari wa katikati ukianzia kwenye boneti, ukiibuka tena juu ya paa, kisha ukishuka baina ya vioo viwili hadi kwenye ncha ya nyuma, mfano wa uti wa mgongo. Mhimili si pambo lililobandikwa. Ni mwendelezo wa mstari huo, na ukiukata, paa linabaki limekatika ghafla.

Pambo la kubandikwa lilikuwepo kwingine: vile vibao viwili vya wavu juu ya boneti vilivyoigiza matundu ya hewa bila kupitisha hewa yoyote. Hivyo navyo viliondolewa mwaka 1964, na hapo nawapongeza General Motors.

Mengine ni ya kusifiwa kwa haraka: bodi ya fibaglasi, injini ya V8 ya lita 5.4 iliyotoa kuanzia nguvu farasi 250 hadi 360, na magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja peke yake, kazi ambayo Duntov aliipigania. Buti halina mlango, hivyo mzigo hupitishwa nyuma ya viti, kero ambayo mimi ningeivumilia.

Baadhi ya wenye magari hayo waliukata mhimili ili waweke kioo cha 1964, na leo yaliyosalimika ndiyo yanayosakwa na wakusanyaji. Kwa maoni yangu, vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma, vikubwa kidogo, kimoja kila upande, vingemtosha dereva bila kugusa paa.