Sabufa ya mtandaoni ikifika Mbeya

Mwezi wa sita mwaka jana mdogo wangu anayekaa Uyole alinipigia simu twende stendi ya Nanenane kupokea mzigo. Alikuwa ameagiza muziki wa sebuleni, sabufa moja na spika tano, kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Dar es Salaam. Bei ilikuwa ya ofa, na pesa alishatuma siku mbili nyuma. Boksi lilikuwa safi, selotepu haijaguswa, hakuna kona iliyobonyea. Tukalifungua palepale kwenye kaunta ya mizigo. Nikaweka vidole viwili katikati ya koni ya sabufa, ule uso wa mbele unaotetemeka, na kuisukuma ndani taratibu. Ikakwaruza, mkwaruzo mdogo kama msasa unaopita juu ya mbao.

Anayefahamu spika anajua mkwaruzo huo. Sumaku nzito iliyobandikwa nyuma ya spika imehama kidogo, na koili, ule waya uliosokotwa unaosukuma koni, inayopaswa kupanda na kushuka bila kugusa kitu sasa inasugua chuma. Boksi kudondoka mara moja tu kunatosha, hata kama kwa nje halionyeshi. Muuzaji akasema mzigo ulitoka kwake mzima. Wa ofisi ya basi akasema wao walipokea boksi, kilichomo hawakijui. Naamini wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema vya mtandaoni ni feki kwa sababu tu ni rahisi. Tuseme sabufa inauzwa shilingi 450,000 Mwanjelwa hapa Mbeya na 350,000 kwenye ukurasa wa Instagram. Mwenye duka wa Mwanjelwa naye kaifuata Kariakoo, pengine imetoka kwenye kontena lilelile. Juu yake kaweka nauli ya mzigo ya kilomita zaidi ya 800, pango la fremu, leseni, kodi na posho ya kijana wa dukani. Yule wa Instagram ana stoo ndogo ghorofani na simu mbili. Laki moja inayopungua ina maelezo yake, na mtu mwenye kipato cha kawaida ana haki ya kuitaka ibaki mfukoni mwake.

Kuna jambo jingine linaloupa mtandao uzito, nalo kwangu ni kubwa kuliko bei. Zunguka maduka ya Mwanjelwa na Kabwe uone kilichopo. Ni sabufa za sherehe, zenye taa zinazozunguka, tundu la flashi, Bluetooth na sehemu ya kuchomeka maiki. Zinafaa kipaimara na zinafaa banda la mpira siku ya Simba na Yanga. Ukiuliza amplifaya yenye tundu la HDMI, inayogawa sauti ya filamu kwenye spika zake kila moja na kazi yake, kijana wa dukani anakutazama kwanza. Mtandaoni unaipata, na namba ya modeli unaiona. Ukiwa na namba ya modeli unaweza kusoma kitabu chake cha maelekezo kabla hujatoa hata mia.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo wengi wanapopoteza pesa, iwe mtandaoni au dukani. Maana halisi ya 5.1, namba inayoandikwa kwenye maboksi ya muziki wa sebuleni, ni kwamba sauti sita tofauti zinafika kwenye spika sita: kushoto, kulia, katikati, mbili za nyuma, na sabufa. Sauti ya watu wanaozungumza kwenye filamu hupita zaidi kwenye spika ya katikati. Sasa angalia nyuma ya nyingi ya hizi zinazoandikwa 5.1 kwenye boksi. Utakuta matundu mawili ya AV, jekundu na jeupe, basi. Matundu mawili yanapokea sauti mbili. Hizo spika tano zinarudia sauti zilezile mbili, na kilichoongezeka ni idadi ya maboksi sebuleni. Ili sauti sita zitoke kwenye runinga ya kisasa zikiwa sita, kifaa kinahitaji tundu la HDMI lililoandikwa ARC, yaani linalopokea sauti kutoka kwenye runinga, au angalau lile la mwanga linaloitwa optiko, pamoja na uwezo wa kusoma mfumo unaobeba sauti hizo sita pamoja, kama Dolby Digital.

Kwa mtu wa nyanda za juu hilo si la kitaalamu tu. Nimekaa Tukuyu. Mvua ya mwezi wa nne ikishuka juu ya bati, mazungumzo ya filamu yanamezwa yote. Unaongeza sauti, besi inatikisa vikombe kabatini na bado husikii mwigizaji kasema nini. Spika ya katikati inayofanya kazi yake ndiyo inayokuokoa, kwa sababu unaweza kuipandisha peke yake na kuiacha besi ilipo. Nikiulizwa, nitachukua spika tatu zinazosema kweli kuliko sita za mapambo.

Nguvu ya muziki nayo ina uongo wake. Boksi linaandikwa 10,000W PMPO. PMPO ni namba ya matangazo, haina kipimo ambacho viwanda vyote vinakubaliana, kila mmoja anaandika apendavyo. Geuza kifaa, soma kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme. Kama pale pameandikwa kinatumia wati 60, basi hakiwezi kutoa mfululizo nguvu inayozidi hizo 60, maana amplifaya haizalishi umeme, inaupokea na kuugeuza kuwa sauti, tena mwingine unapotea kama joto. Namba ya kuulizia ni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinatoa mfululizo. Muuzaji wa mtandaoni anayepiga picha boksi kwa mbele tu, mwombe picha ya kibandiko cha nyuma. Akikataa, umeshajibiwa.

Picha hiyo ina kazi nyingine: kuangalia volti. Umeme wetu ni volti 230. Vifaa vilivyotumika vinavyotoka Uingereza vinakuja na umeme huohuo, hata plagi yake ya miguu mitatu ni hii tunayotumia sisi. Vya Marekani vimetengenezwa kwa volti 120, na amplifaya nyingi za huko hazina swichi ya kubadili. Ukiichomeka ukutani hivihivi, ukiwa na bahati inaondoka fyuzi, usipokuwa nayo inaondoka transfoma. Wenye ndugu Marekani wanaovutiwa na bei za punguzo za huko waliangalie hili kwanza. Waangalie na waranti pia. Kule kampuni kama Denon na Yamaha huitambua waranti pale tu bidhaa inaponunuliwa kwa muuzaji waliyemwidhinisha, na wengi wa wenye bei za kutupa hawamo kwenye orodha hiyo.

Sasa upande unaoniuma. Mtandao unamtendea mtu wa Dar tofauti na unavyomtendea mtu wa mkoani. Tangazo lilelile linasema Dar unaletewa mlangoni na kulipa ukishaona mzigo, mikoani unalipa kwanza kisha unatumiwa risiti ya basi. Sisi wa Mbeya na Iringa tunabeba hatari yote: ya kutapeliwa, ya kuletewa modeli nyingine, ya kona za mlima Kitonga na matuta yote ya njiani. Tangu duka la mtandaoni la Jumia lifunge shughuli zake nchini Novemba 2019, biashara hii kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa mtu mmoja mmoja mwenye ukurasa na namba ya simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ipo na inamgusa mteja pia. Lakini kuifuatilia sabufa ya 350,000 kutoka Mbeya, nauli ya kwenda na kurudi Dar mara mbili inakula sehemu nzuri ya madai yenyewe.

Na maduka yetu yasijisifu. Risiti nyingi za Mwanjelwa zina mstari chini unaosema mali ikishauzwa hairudishwi. Unajaribishiwa muziki barabarani, duka la jirani nalo limefungulia, bajaji zinapiga honi, na kijana anapandisha besi mpaka mwisho ili usipate nafasi ya kusikiliza. Mtu akinunua hivyo amelipia laki moja ya ziada bila kuitumia. Ile laki inanunua haki ya kusikia, kusukuma koni kwa vidole, na kumrudia mwenye duka kwa miguu kesho yake asubuhi. Inanunua pia fundi, kwa sababu mafundi wa hapa wanaweka vipuri vya modeli zinazouzwa hapa.

Kwa hiyo mimi nagawa. Amplifaya, waya za HDMI na stabilaiza, ambayo kwa umeme wetu wa masika wa kukatika na kurudi kwa kishindo ni lazima, naviagiza mtandaoni bila hofu nikiwa na namba ya modeli, picha ya kibandiko, na mtu wangu Dar wa kwenda kuukagua mzigo na kulipa akiwa ameushika. Vitu hivyo ubora wake unasomeka kwenye maandishi. Spika na sabufa nanunua hapahapa, hata kwa bei ya juu, kwa sababu ubora wake unasikika tu, na kwa sababu ndivyo vinavyovunjika njiani.

Ile sabufa ya mdogo wangu fundi aliifungua akabadilisha spika nzima ya ndani. Ukijumlisha na nauli ya basi, punguzo lote liliishia hapo. Mwezi wa kumi na mbili alitaka spika ya katikati. Tulienda Mwanjelwa saa mbili asubuhi, maduka ya jirani hayajafungulia muziki. Alikuwa na flashi yenye kipande cha dakika tatu cha watu wawili wanaongea kwa sauti ya chini, hakuna muziki wala mlipuko. Akamwomba kijana ashushe besi hadi sifuri, akachuchumaa mbele ya spika, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaomba iletwe ya pili.