Kwani Tulitaka Nini Ila Raba ya Koki?

Koki ya jikoni ina adabu zake. Wiki nzima ya kazi inatulia, haidondoshi hata chozi. Inangoja 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, nchi nzima imepumzika, mtu umeshajipangia jioni ushuke Raskazone, ufukweni hapa Tanga, ukapunge upepo, ndipo inaanza: to, to, to. Unaikaza. Inazidi. Unaikaza kwa hasira. Sasa inatiririka.

Na hapo kwenye hasira ndipo tunapoharibu wengi. Ndani ya koki kuna raba nyeusi ndogo inayokalia kiti cha shaba. Maji yanafungwa na raba, hayafungwi na misuli. Raba ikishakakamaa, ukikaza unaichana. Ukizidi kukaza, shaba inasaga shaba, kiti kinaingia kovu, na koki hiyo haitafunga tena hata uitie raba ya dhahabu. Dawa yake ni kazi ya dakika kumi: funga maji ya nyumba, fungulia koki imwage yaliyobaki, legeza nati kubwa ya kichwani kwa spana malaya, chomoa kijiti, toa raba ya zamani, tia mpya ya ukubwa uleule, rudisha. Basi.

Umeliona hilo la kwanza? Funga maji ya nyumba. Siku ya mapumziko imeishia hapo, mengine ni maelezo.

Geti valvu, ile koki kuu ya kufungia maji ya nyumba, iko karibu na mita, kwenye kisanduku cha zege ambacho mjusi keshahamia na ukoo wake. Iliachwa wazi siku nyumba ilipokamilika, na haijaguswa tena. Ndani yake kuna ulimi wa shaba unaopandishwa na kushushwa na kijiti chenye meno. Miaka ikipita bila kuguswa, kutu na chokaa vinaushika ulimi, kijiti kinalika. Ukija kuzungusha kile kigurudumu chekundu, kinazunguka vizuri ajabu, kulia, kushoto, raha mustarehe, na maji yanaendelea na safari yake. Ulimi na kijiti walishaachana zamani, hakuna aliyekuambia. Ilitakiwa ifungwe na kufunguliwa walau mara mbili kwa mwaka, na ukiifungua hadi mwisho uirudishe kidogo isije ikagandia. Nani anafanya? Nyumba tunaipaka chokaa Idi ikikaribia, geti valvu haina Idi.

Basi unamwita fundi.

Fundi wa sikukuu ukimpigia yuko njiani. "Nipo njiani bosi," na nyuma ya sauti yake jogoo anawika na mtoto anaambiwa avae suruali. Anafika adhuhuri, kwa baiskeli bila shaka, mfuko wa salfeti umefungwa nyuma kwa mpira. Anaegesha, anavua kandambili mlangoni kwa heshima zote. "Hodi wenyewe. Shikamoo mama." Anaomba maji ya kunywa. Anapewa. Anauliza kama maji haya ni ya bomba au ya kisima. Ndipo anaingia jikoni, anasimama mbele ya koki, mikono kiunoni, kimya, kama shehe aliyeletewa talaka yenye utata. Anaigusa kwa kidole kimoja. Anatikisa kichwa.

"Nani aliwafungia hii?"

Mafundi wa nchi hii wana sheria moja isiyoandikwa: aliyetangulia hakuwa fundi. Nawe mwenye nyumba unajikuta unaomba radhi kwa niaba ya mtu ambaye sura yake huikumbuki.

"Fundi, ni raba tu."

"Raba tutatia, mjomba. Raba siyo tatizo. Sikiliza." Anagonga marumaru kwa ukucha. "Umesikia?"

Hujasikia kitu. Unasema umesikia.

"Ee. Ndiyo hiyo."

Anafungua mfuko. Patasi. Nyundo. Msumeno wa chuma uliokwisha meno. Kigurudumu cha tepu nyeupe kilichobaki tepu ya kufunga kidonda. Anaangalia juu, uso mtulivu kabisa.

"Mna spana hapa?"

Anaazimwa spana. Anakwenda nje, anafunga koki ile ya kabla ya mita, na hapo nampa haki yake, maana bila hiyo tungeogelea. Anarudi, anaacha ile nati ya kichwa, anaikamata koki nzima shingoni. Fundi, nati! "Tuing'oe tuione vizuri, bosi." Anaizungusha. Haitaki. Anaongeza bomba kwenye mpini wa spana apate urefu. Kak!

Koki imetoka. Nusu ya nipeli, kile kipande kifupi cha bomba chenye meno kinachoishikilia koki, imetoka nayo. Nusu nyingine imebaki ndani ya elbo, kona ya bomba, ndani ya ukuta.

Anageuka. "Umeona? Nilikwambia."

Sasa hili lina sababu, siyo jini. Bomba za chuma zina ngozi ya zinki. Ukishazikata meno, pale kwenye meno zinki imeondoka, chuma kiko uchi. Tia na unyevu wa chumvi wa bahari yetu hii. Tia tena koki ya shaba kwenye nipeli ya chuma, palipo na maji, na siku zote kinacholiwa ni chuma. Nje unaona nipeli nzima, ndani limebaki ganda. Ukiikuta imekatikia ndani, usikimbilie nyundo: pitisha kipande cha msumeno ndani ya nipeli, kata mifereji miwili ya kwenda mbele na nyuma, ukome kabla hujagusa meno ya elbo, kisha gonga taratibu ijikunje kwa ndani, itoke. Ni kazi ya subira. Fundi wetu alichagua patasi. Marumaru mbili zikaenda, na rangi ile haipatikani tena, hata Dar.

"Sasa mjomba ukaniletee elbo, nipeli na tepu. Chuma tuachane nacho, tutie PPR, bomba za plastiki."

Dukani ni msiba mwingine. Nusu ya maduka yamefungwa, na lililo wazi barabara ya 12 mwenyewe yuko kwenye kahawa barabara ya 8. Akija anauliza nusu inchi ya wapi. Na hana makosa! Nusu inchi ni jina tu. Chukua rula upime meno yake kwa nje, utapata milimita 21. PPR nayo inatajwa kwa kipimo cha nje: 20 ndiye mwenzake nusu inchi, 25 ni mwenzake robo tatu. Mtu asiende dukani mikono mitupu, aende na kipande kilichovunjika. Na aseme meno ya ndani au ya nje, la sivyo atarudi, na kurudi hakuna anayemhesabia.

Ile pasi ya kuunganishia PPR inataka nyuzijoto 260. Bomba la 20 unalipasha sekunde 5, unalichomeka moja kwa moja bila kulizungusha, unalishika litulie. Ukilipasha kupita kiasi linayeyuka kwa ndani na tundu linajiziba. Tumefika nyuzi ngapi sijui, umeme ukakatika.

Kwa hiyo tukakaa barazani. Akapita mzee jirani. Shikamoo, marahaba, mnafanyaje? Akaiona tepu mikononi mwa fundi. Akacheka.

"Hiyo nailoni? Meno ya bomba yanataka katani, uipake rangi, uifunge kwa kufuata meno. Ikilowa inavimba, inaziba."

"Mzee, katani ikizidi inapasua elbo ya PPR," fundi akajibu. "Tepu mizunguko kumi, unazungushia upande ule ule wa kukazia, haivuji."

Hapo wote wawili wana lao la haki, lakini mzee alishaondoka bombani, kaingia kwenye historia. Sisi watu wa Tanga unatudharauje katani? Ilikuja 1893, Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa kule Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hiyo 62 ndiyo mashamba yote haya...

Fundi alisikiliza kwa makini sana, kidole shavuni. Kisha akauliza huko Florida wao wanatumia chuma au PPR.