Kizibao cha 38

Mimi ni mwanaume, nina miaka 34, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na kazi yangu ni kufuma sweta kwa mkono. Nimesema mapema ili mwenye kucheka acheke sasa, tuendelee. Vijana wa kijiwe cha bodaboda pale kona wananiita Bibi Sweta. Mwaka huu nimeanza kuitika.

Kufuma nilifundishwa na bibi yangu kule Mpwapwa, kwa spoku mbili za baiskeli alizozisugua kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini. Nilipokua nikanunua sindano za kweli, na polepole nikagundua kwamba kinachonikosesha usingizi ni kule kubuni mtindo na kuuandikia maelekezo. Anza na vitanzi kadhaa, fuma safu kadhaa, punguza hapa, funga pale. Mtu usiyemjua akae kwake na karatasi yako, itoke sweta ile ile uliyoiona wewe kichwani. Ni kama kuandika mapishi, ila pilau likiharibika mnalila hivyo hivyo. Sweta ikiharibika inakuangalia.

Tabu ya kwanza ni maneno. Kufuma kote kuna mishono miwili, na hata hiyo ukiichunguza ni mmoja: ukiutazama mbele ni huu, ukiugeuza mgongoni ni ule. Nikauita mmoja wazi na mwingine kinyume. Ule ukingo wa chini wa sweta unaovutika, wazi viwili kinyume viwili, nikauita mbavu kwa sababu unafanana na mbavu. Saa tatu usiku shangazi yangu akapiga simu.

"Umeandika nifume mbavu safu kumi na nne."

"Ndiyo, shangazi."

"Mbavu za nani?"

Lakini hilo la mbavu lilikuwa dogo. Kubwa lilianza Mei, shule moja ya chekechea iliponiagiza vizibao 20 vya watoto wa miaka sita. Watu wa Dar wanadhani Dodoma ni jua na zabibu basi. Waje Juni alfajiri, wakutane na upepo wetu, ule unaokuja na vumbi lake, unaopasua midomo ya watoto mpaka wanashindwa kucheka. Vizibao vilitakiwa kabla upepo haujakaza, na mimi peke yangu nisingeweza. Nikaandika maelekezo, nikatafuta kinamama watatu wa kuyajaribu. Kila mmoja afume kimoja kwanza, mwalimu aje avione, akiridhika tugawane vilivyobaki.

Wa kwanza alikuwa shangazi huyo huyo wa mbavu, anakaa Chang'ombe. Wa pili, mke wa dereva wa bajaji anayepaki karibu na kwetu. Wa tatu, mama jirani, fundi cherehani wa siku nyingi, mtu mzima wa kumwamkia kwa kuinama kidogo, ambaye futi yake ya kupimia haitoki shingoni. Nimeshawahi kumwona nayo msibani.

Nilijiandaa, jamani. Nilijua mitego yote. Shangazi ana sindano za kurithi zilizogongwa namba 8, na mimi nikajua kwamba namba 8 ya Uingereza ya zamani ni milimita 4, wakati namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Tena za Waingereza zinakwenda kinyumenyume, namba ikipanda sindano inakonda. Mtu akichanganya hapo, kizibao cha mtoto kinamtosha baba yake. Nikaandika aya nzima juu ya jambo hilo: tunapima kwa milimita, si kwa namba. Nikapiga mstari chini yake. Mistari miwili.

Nikawalazimisha pia kufuma kipande cha majaribio, kile ambacho kila mfumaji duniani anakiruka. Ndani ya sentimita 10 vipatikane vitanzi 22. Nikapita nyumba kwa nyumba na rula ya shule. Mke wa dereva, 22. Mama fundi, 22 kamili, mshono kama wa mashine. Shangazi, 25, kwa sababu anavuta uzi kama mtu anayefunga mzigo juu ya basi. Nikampa sindano za milimita 4 na nusu, akaja kwenye mstari. Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa mwendo wa profesa.

Maelekezo yenyewe yalikuwa mafupi. Mgongo: vitanzi 76, mbavu safu 14, kisha fuma hadi 23, punguza kwapa, endelea hadi 38, funga. Mbele vivyo hivyo, ukiacha shingo. Kila mmoja nikampa mabonge matatu ya uzi wa bluu, gramu 50 kila bonge, niliyoyanunua Majengo sokoni.

Baada ya siku kumi shangazi alikuwa amemaliza. Mke wa dereva naye akamaliza, akabakiwa na uzi wa kufumia hata soksi za kichanga. Mama fundi akanipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uzi umeisha."

Nikapeleka bonge. Siku tatu baadaye, uzi umeisha. Nikapeleka mawili. Wiki iliyofuata, uzi umeisha. Muuza nyuzi wa Majengo akaniuliza kama nafuma hema.

Hapo shetani akaanza kazi yake. Mabonge matatu yanatosha mtoto wa miaka sita, huyu anakula la nane. Uzi unakwenda wapi? Nikaanza kuona bluu kila mahali. Mjukuu wake akapita na kofia ya bluu, nikaitazama mpaka mtoto akakimbia. Mbuzi wa mtaani akapita na kamba ya bluu shingoni, nikamfuata hadi nyuma ya kanisa kuhakikisha: ilikuwa ya nailoni. Kumuuliza mtu mzima kama anakuibia uzi, nani wa kumuuliza? Nikamtuma mke wangu akaazime ungo, apeleleze. Akarudi na ungo.

"Umeona nini?"

"Anafuma."

"Anafuma nini?"

"Sijui, ila anafuma kweli kweli. Amekipakata kama mtoto mchanga."

Jumamosi mwalimu akaja. Mke wangu akatandika mkeka barazani, akaleta chai na karanga. Shangazi akatoa chake, kizuri. Mke wa dereva akatoa chake, kizuri. Mwalimu akavipapasa, akanyoosha mbavu zikarudi, akatabasamu. Nikaanza kupiga hesabu ya malipo ya awali.

Mama fundi akafika mwisho, na kiroba. Akaketi, akasalimia wote, akaingiza mkono, akaanza kutoa. Akatoa. Akaendelea kutoa, kama anayevuta kamba ya kisimani. Shangazi akasogeza miguu kupisha. Kilipokwisha kutoka chote akakinyoosha juu ya mkeka kwa kiganja, taratibu, na sote tukakitazama.

Upana ulikuwa wa mtoto wa miaka sita. Urefu, nilipokishika begani, kilinifika magotini. Matundu ya mikono yalikuwa makubwa kiasi kwamba mtoto mwenyewe angepita mzima, na begi lake. Na ubaya ni kwamba kilifumwa vizuri kuliko vyote. Hakuna kitanzi kilichoruka wala safu iliyopinda.

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Huyu mtoto," akauliza kwa upole, "ni wa shule yetu?"

"Mama," nikasema, "hii imekuwa ndefu."

"Ndefu kwa kipimo gani?" Akatoa futi shingoni, akaikanyaga ncha kwa kidole begani mwa kizibao, akaishusha mpaka chini. "Thelathini na nane. Soma mwenyewe."

Nikasoma. 38. Nikaigeuza futi upande wa pili: karibu 97.

"Mama, ni sentimita!"

"Lete karatasi yako."

Akavaa miwani. Mwalimu naye akasogea, na hilo sikulipenda.

"Hapa kwenye sindano umeandika milimita, umepiga na mistari miwili. Sawa. Hapa kwenye kipande cha majaribio umeandika sentimita. Nikapima sentimita, ukaja na rula yako ukanisifu. Sawa. Sasa hapa umeandika thelathini na nane." Akanitazama juu ya miwani. "Thelathini na nane nini?"

Nilikuwa na midomo miwili na hakuna uliofunguka.

"Mwanangu, namba tupu ya fundi ni inchi. Suruali yako hiyo niliishona mimi, kiuno thelathini na nne. Ni sentimita?"

Mwalimu akatazama kiuno changu.

Nikajitetea kwamba wenzake wawili mbona wameelewa. Kosa kubwa. Shangazi akasema yeye karatasi hakuisoma baada ya mbavu, alikuwa akipimia mgongoni kwa mjukuu wake. Mke wa dereva akasema yeye alikuwa akipimia kwa kizibao cha shangazi. Yaani kati ya watu watatu, aliyefuata maelekezo yangu neno kwa neno alikuwa mmoja, na kazi yake ndiyo hiyo ilikuwa inaning'inia mikononi mwangu kama soksi ya twiga.

"Lakini mama, hukushangaa?"

"Nilishangaa sana. Nikasema labda ndiyo mtindo. Wewe si ndiye mbunifu?"

Nikamwomba, kwa sauti ndogo, kama tunaweza kukifumua tuokoe uzi.

"Kufumua? Kazi ya wiki nne? Fumua karatasi yako."

Kisha akaingiza tena mkono kwenye kiroba, akatoa kibonge kidogo cha bluu, kama limau. "Uzi uliobaki huu. Usije ukasema nimekula." Mke wangu akainuka haraka akaenda kutazama sufuria, na jikoni hakukuwa na kitu motoni.

Malipo tulikubaliana shilingi 8,000 kwa kizibao. Mama fundi akasema yeye amefuma viwili na nusu. Nikapiga hesabu kimoyomoyo, inchi moja ni sentimita 2.54, nikakuta kwa kweli amenipunguzia. Nikampa 20,000. Mwalimu aliagiza vilivyobaki kwa sharti kwamba karatasi aikague yeye kwanza, kwa kalamu nyekundu.

Kizibao chenyewe mama fundi alirudi nacho. Akashona shingo na yale matundu ya mikono kwa cherehani, akakigeuza juu chini, kikawa mfuko wa miguu. Mume wake ni mlinzi wa usiku kwenye nyumba moja huko Kisasa, na Juni ile mzee akawa anatumbukiza miguu yote miwili, anakivuta mpaka mapajani, anakaa kwenye kiti chake analindana na baridi. Akalala nao vizuri sana usiku mmoja mpaka tajiri akarudi saa nane, akapiga honi. Mzee akaruka kusimama, akakumbuka miguu iko ndani ya bluu, na honi inalia. Akaliendea lile geti kwa kurukaruka, kama mbio za magunia za siku ya michezo shuleni, rungu mkononi, taa za gari zikimmulika. Tajiri, nasikia, alizima gari akacheka mpaka akasahau kugomba.

Wiki iliyopita mlinzi wa nyumba inayofuata alikuja kwangu. Ameuona wa mwenzake, na yeye anataka wake, ila uwe na zipu.

"Urefu gani?" nikamuuliza, kalamu mkononi.

"Arobaini."

"Arobaini nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa fundi ni hodari, akakutana na huyu.

"Arobaini ya kawaida."