Alberta Hunter hakupotea, alikuwa kazini

Mwaka 1977 Hospitali ya Goldwater Memorial, iliyokuwa kwenye kisiwa chembamba katikati ya mto jijini New York, ilimwambia nesi wake mmoja kwamba muda wake wa kazi umekwisha. Makaratasi yalisema ametimiza miaka 70, na utaratibu ni utaratibu. Nesi hakutaka kuondoka, lakini akaondoka.

Kumbe makaratasi yenyewe yalikuwa yanaongopa. Bibi yule alikuwa na miaka 82. Alipoomba nafasi ya kusomea uuguzi, miaka ishirini nyuma, alijipunguzia miaka 12 na kujitungia cheti cha sekondari ambacho hakuwahi kukipata. Jina lake Alberta Hunter. Alikuwa ameimba London jukwaa moja na mwimbaji Paul Robeson, amerekodi na mpiga tarumbeta Louis Armstrong, na wimbo uliomtoa mwimbaji Bessie Smith alikuwa ameutunga yeye.

Nimesoma habari zake mara nyingi, na karibu kila anayezisimulia hupita njia ileile: alikuwa nyota, akapotea, akafufuka. Ile miaka ya hospitali hupewa sentensi moja ya kuvukia, kama ya mtu aliyekuwa kifungoni. Hapo ndipo ninapogombana nao. Mama yangu mkubwa alikuwa nesi kwa miaka 31, na sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba kwa miaka 31 alikuwa amepotea.

Alberta alizaliwa Memphis, Tennessee, tarehe 1 Aprili 1895. Baba yake alikuwa mhudumu wa mabehewa ya treni ya kulala ya Pullman, na binti hakumjua. Mama yake, Laura, alikuwa mfanyakazi wa ndani katika danguro. Alberta akiwa bado msichana mdogo alitoroka kwenda Chicago kutafuta kazi ya kuimba. Kazi iliyompokea ilikuwa ya jikoni, kumenya viazi katika nyumba ya wapangaji kwa dola 6 kwa wiki, kula na kulala humo humo. Kuimba kulikuja usiku, kwenye vilabu vya wahuni ambako mama yeyote angekatazia mwanawe. Kufika 1917 alikuwa amepanda hadi Dreamland, ukumbi mkubwa wa watu weusi mjini humo, akiimba mbele ya bendi ya King Oliver. Hakuwa mtu wa pombe wala sigara, na senti yake aliijua inakokwenda. Mama yake akaletwa Chicago akae naye.

Kisha zikaja santuri. Mwaka 1920 mwimbaji Mamie Smith alirekodi wimbo wa blues, muziki wa huzuni na mapenzi wa Wamarekani weusi, ukauzika kupita matarajio ya kila mtu, na kampuni zote zikakimbilia kutafuta wanawake weusi wenye sauti. Mojawapo ilikuwa Paramount, na hii nitasimama kidogo kuieleza kwa sababu hunichekesha kila ninapoikumbuka: ilikuwa mali ya watengeneza viti wa Wisconsin. Walianza na makabati ya gramafoni, wakaona kabati bila santuri haliuziki, wakaanza kutengeneza na santuri. Muziki kwao ulikuwa kama misumari, kitu cha kusaidia samani ziende. Na uliosikika kwenye sahani zao ulikuwa hivyo hivyo. Mpaka leo ukiziweka, nyuma ya mwimbaji kuna mtu anakaanga dagaa mwanzo hadi mwisho.

Huko Paramount, 1922, Alberta alirekodi "Downhearted Blues", wimbo alioutunga na mpiga piano Lovie Austin. Mwaka uliofuata Columbia wakampa wimbo huo mwimbaji mpya aliyekuwa hajatoa santuri hata moja, Bessie Smith, na nakala zikauzwa kwa mamia ya maelfu. Bessie akawa malkia. Alberta hakuficha kamwe kwamba sehemu kubwa ya mrabaha haikumfikia. Mikataba ilikuwa imeandikwa na watu wanaojua kuandika mikataba.

Akajifunza mchezo wa makaratasi. Mkataba wa Paramount ulipombana asirekodi kwingine, alirekodi kwingine kwa jina jingine. Kwenye zile alizorekodi na Armstrong 1924 utakuta mwimbaji ni Josephine Beatty, ambalo ni jina la dada yake wa mama mmoja. Kwingine aliitwa May Alix. Kwa hiyo yule mwanamke wa miaka ya 1950 aliyefuta miaka 12 kwenye fomu ya chuo hakuanza siku hiyo. Alikwisha kugundua zamani kwamba karatasi humtumikia aliyeshika kalamu, naye akaishika.

Ulaya nitaipita haraka, ingawa wengine wangeiandikia kitabu. Alikwenda 1927. Mwaka uliofuata alikuwa ukumbi wa Drury Lane, London, akicheza Queenie katika tamthilia ya muziki ya Show Boat, na Robeson akiwa humo. Mwaka 1934 aliimba na okestra katika Hoteli ya Dorchester, tena siyo blues bali nyimbo laini za mapenzi, kwa mavazi na lafudhi ya kumridhisha tajiri wa Kiingereza. Alipokuwa Paris aliimba Kifaransa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliongoza kikundi cha kuburudisha askari wa Marekani, wakaanzia Casablanca wakafika hadi India na Burma, Burma ileile ambako wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walikuwa wakipigana kwenye matope. Sisemi walimsikia. Baada ya hapo akaenda na Korea.

Aliporudi, kazi zilikuwa haba. Wenzake wa miaka ya 1920 wengi walikuwa wamekwisha. Bessie Smith alifariki katika ajali ya gari Mississippi mwaka 1937, na Ma Rainey miaka miwili baadaye.

Nisubirini kidogo kwa Bessie. Kuna hadithi maarufu kwamba alifia mlangoni mwa hospitali ya Wazungu iliyokataa kumpokea. Iliandikwa magazetini mwaka uleule na John Hammond, mtayarishaji muziki aliyesimamia rekodi za mwisho za Bessie mwenyewe, na baadaye ikathibitika haikuwa hivyo: alipelekwa moja kwa moja hospitali ya watu weusi ya Clarksdale, na majeraha yalikuwa makubwa mno. Ubaguzi ulikuwepo, tena wa kutosha, haukuhitaji kuongezewa chumvi. Lakini hadithi ile ilishika na bado imeshika, kwa sababu tunaipenda. Mwimbaji wa blues tunamtaka aliyeteseka, aliyelewa, aliyedhulumiwa, afe mapema na vibaya, kisha sisi tukae na santuri tukisikitika. Mwimbaji aliyeweka akiba benki, akamtunza mama yake, akalala mapema, hatujui tumweke rafu gani.

Katika miaka ya 1950 mama yake akafariki. Walikuwa wameishi kama ndugu wawili wa kutegemeana, na kwa Alberta jukwaa likapoteza ladha palepale. Alikuwa amevuka miaka 60. Kwetu huo ndio umri wa serikali kukuaga na kukupa barua ya kustaafu. Yeye ndio kwanza akaenda kuanza shule. Akasomea uuguzi wa ngazi ya msingi, ule wa kitandani, akafaulu, akaajiriwa Goldwater.

Goldwater ilikuwa ya wagonjwa wa muda mrefu, wenye maradhi yasiyopona leo wala kesho. Mama mkubwa aliwahi kufanya kazi wodi ya namna hiyo, na kwa maelezo yake ndiyo inayowapima manesi. Kwenye wodi ya upasuaji mgonjwa anaingia analia, anatoka anacheka, anakuletea zawadi ya kuku. Kwenye wodi ya muda mrefu hakuna kuku. Unamgeuza mtu kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, unamwogesha, unamlisha, unamsikiliza akirudia kisa kilekile cha mwanawe, na kesho yupo, na mwaka ujao yupo. Halafu siku moja kitanda kimetandikwa upya. Alberta alifanya hivyo miaka ishirini.

Wanaosema alipotea wana swali moja la kujibu. Mwaka 1961 watafiti wa muziki walikuwa wanajua alipo. Chris Albertson alimshawishi aingie tena studio, akarekodi New York pamoja na Lucille Hegamin na Victoria Spivey, waimbaji wa enzi zake, kisha Chicago akiwa na Lovie Austin yuleyule wa 1922. Hizo ndizo zilikuwa nyakati ambazo vijana wa Kizungu walikuwa wanaanza kuwafukua wakongwe wa blues mashambani Mississippi na kuwapeleka kwenye matamasha. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Alberta akarekodi, akavaa sare yake, akarudi kwenye zamu. Mtu aliyepotea hurudi anapoitwa. Yeye aliitwa, akaitika, akasema ana wagonjwa.

Namna hiyo ya kukataa inanivutia kuliko nyimbo nyingi za enzi yake. Watu tunadhani kipaji ni deni, kwamba ukipewa sauti lazima uitumikie hadi ikuishie. Nimeona wanamuziki wa hapa kwetu wakipandishwa jukwaani wakiwa wagonjwa, watu wakiwapiga picha kwa simu zao, kwa sababu "mashabiki wanamhitaji". Alberta aliiweka sauti pembeni kama mtu anavyoning'iniza koti, akaenda kufanya kazi aliyoona inafaa. Na ya ndani yake hakuyatangaza. Aliwahi kuolewa, ndoa ikawa fupi. Mwenzi wake wa miaka mingi alikuwa Lottie Tyler, na hilo hakuliambia gazeti lolote.

Lile koti alilivaa tena baada ya kufukuzwa kazi, tena upesi. Mwaka uleule wa 1977 alialikwa kwenye sherehe nyumbani kwa mpiga piano Bobby Short, akaimba kidogo, mtu mmoja akampigia simu Barney Josephson. Huyu Josephson ndiye aliyefungua Café Society mwaka 1938, klabu ambayo weusi na weupe walikaa meza moja wakati New York nyingine ilikuwa haitaki. Sasa alikuwa na mgahawa Greenwich Village unaoitwa The Cookery. Akamkodi Alberta wiki mbili. Zikawa miaka sita.

Ukitazama picha za video za pale, utaona bibi mwembamba mwenye hereni kubwa kuliko masikio, anajipiga paja kwa kiganja, Gerald Cook akiwa kwenye piano. Anaimba kuhusu fundi wake wa nyumbani anayejua kushughulikia kila kitu, na wewe uliyekulia kwenye mafumbo ya taarabu huhitaji kufasiriwa fundi anatengeneza nini. Ukumbi unakufa kwa kicheko. Kicheko chenyewe wakati mwingine kinaniudhi, kwa sababu nasikia ndani yake "tazama ajuza anavyosema", wakati mwanamke yule alikuwa anatamka kila silabi kwa ustadi wa miaka 60 na anajua hasa pa kuvuta pumzi.

Mwaka 1978 alirekodi tena "Downhearted Blues", safari hii kwa ajili ya filamu, na 1980 ikatoka albamu ya Amtrak Blues. Ilitolewa na Columbia, kampuni ileile iliyotajirika kwa wimbo wake kupitia koo la Bessie. Mtayarishaji alikuwa John Hammond. Ndiyo, huyohuyo. Aliyetupa Bessie wa kulilia mlangoni mwa hospitali, miaka 43 baadaye akawa anamrekodi mwimbaji ambaye hospitali aliiingilia mlango wa wafanyakazi.

Nitasema jambo ambalo wakereketwa wa santuri za zamani watanikatalia: Alberta wa miaka 85 ni mwimbaji bora kuliko Alberta wa 1922. Siyo kwa sababu ya dagaa wa Paramount tu. Kijana yule aliimba vizuri lakini aliwahi, kama mtu anayeogopa nafasi yake itachukuliwa. Bibi hawahi. Sauti imeshuka, ina mikwaruzo, na anapofika kwenye neno zito halikazii; analiweka chini taratibu na kusubiri. Huenda nasikia ninachotaka kusikia, lakini nikilifikia lile tulio namwona mtu anayejua kukaa karibu na kitanda bila kuongea.

Alifariki New York, 17 Oktoba 1984, akiwa na miaka 89, ya kweli.

Mwezi uliopita nilimwekea mama mkubwa Amtrak Blues kwenye simu, nikamsimulia kisa chote. Kiingereza cha nyimbo kinampita, akawa anatikisa kichwa tu kufuata piano. Nilipofika kwenye ile miaka 12 aliyoikata akacheka mpaka akavua miwani. Kisha uso wake ukawa wa kazi, ule aliokuwa akirudi nao kutoka zamu ya usiku.

"Sasa pensheni yake," akaniuliza, "waliipigia hesabu kwa umri upi?"