Testosteroni ikishuka, uulizwe kwanza ubongo

Mwanaume akitoka maabara hapa Mwanza na karatasi inayoonyesha testosteroni, homoni kuu ya kiume, iko chini, hukutana na ushauri wa aina mbili. Wa kwanza: achomwe sindano ya testosteroni, kilichopungua kiongezwe. Wa pili: kabla ya sindano ijulikane kama shida iko kwenye korodani zenyewe au kwenye ubongo unaoziendesha. Huu wa pili huonwa kama kumzungusha mgonjwa. Lakini kwa mwanaume anayetaka mtoto, kuupuuza ndiko kunakomgharimu zaidi.

Hipothalamasi, sehemu ndogo ya upande wa chini wa ubongo, hutoa homoni ya GnRH kwa mapigo, pigo moja kila dakika 90 hadi 120 hivi. Kila pigo huifanya pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake, imwage homoni mbili, LH na FSH. LH huziagiza korodani zitengeneze testosteroni, FSH huzihudumia seli zinazolea mbegu. Hayo wengi wanayajua. Kisichosemwa sana ni kwamba seli za GnRH hazipimi zenyewe kiwango cha testosteroni. Wanaopima ni majirani zao, seli zinazotoa kisipeptini, kemikali inayoziamsha seli za GnRH. Seli hizohizo hutoa nyurokinini B inayowasha pigo, na dainofini inayolizima. Mwaka 2003 ilibainika kwamba mtu aliyezaliwa na hitilafu kwenye kipokezi cha kisipeptini anaweza asibalehe kabisa.

Na mpangilio wa mapigo ni sehemu ya ujumbe. Katika miaka ya 1970 mtafiti Ernst Knobil na wenzake waliwapa nyani walioharibiwa hipothalamasi pigo moja la GnRH kila saa, LH na FSH zikarudi. Walipowapa mfululizo bila kupumzisha, zote mbili zilishuka. Sindano ya goserelini anayochomwa mgonjwa wa saratani ya tezi dume hufanya kazi kwa njia hiyo: huisukuma pituitari bila kukoma, testosteroni hupanda kwa muda mfupi, kisha huanguka ndani ya wiki 3 hivi.

Sasa mchome mwanaume testosteroni kutoka nje. Ubongo unaona damu imejaa, kisipeptini inanyamaza, LH na FSH zinashuka. Mwenyewe anajisikia vizuri, hamu inarudi, misuli inajaa. Ila ndani ya korodani testosteroni huhitajika kwa kiwango kinachozidi cha kwenye damu mara makumi, na sindano ya kwenye makalio haiwezi kukifikisha huko. Korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, mara nyingi zinaisha kabisa. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 1990 matokeo ya wanaume wenye afya waliochomwa miligramu 200 kila wiki: zaidi ya nusu hawakuwa na mbegu hata moja ndani ya miezi 6. Utafiti ule ulikuwa wa uzazi wa mpango! Dawa iliyojaribiwa kuzuia mimba ndiyo leo anayopewa kijana anayehangaika kupata mtoto. Akiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, lakini kwa miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka.

Upande wa sindano nao una haki yake. LH ikiwa juu huku testosteroni iko chini, ubongo umeshaagiza sana na korodani ndizo zilizoshindwa, pengine kwa sababu ya matumbwitumbwi yaliyoshukia korodani au hali ya Klinefelter, ya kuzaliwa na kromosomu X ya ziada. Hapo testosteroni ndiyo tiba. Tena njia ya kuziamsha korodani kwa hCG, homoni inayofanya kazi ya LH, hudai sindano mara 2 au 3 kwa wiki kwa miezi mingi, na si kila mfuko unaimudu. Aliyekwisha kupata watoto hana sababu ya kuibeba.

Ila LH hupimwa kwenye damu ileile iliyokwisha kutolewa. Ikiwa chini, au kawaida wakati ilipaswa kupanda, tatizo liko juu, kwenye ubongo. Damu itolewe asubuhi, kabla ya kula, na kipimo kirudiwe siku nyingine. Kwa mvuvi wa dagaa wa Igombe au Kayenze, asubuhi hiyo inadanganya: testosteroni hupanda mtu akilala, naye amekesha ziwani na taa zake. Asipimwe akitoka kushusha dagaa. Asubiri mbalamwezi, kazi inaposimama na ameshalala usiku kadhaa mfululizo.

Aulizwe pia dawa anazotumia. Tramadoli, dawa ya maumivu ambayo wengine huimeza ili kustahimili kazi nzito, hukandamiza mapigo ya GnRH. Haloperidoli na risperidoni, ambazo ni dawa za akili, na metoklopramidi ya kuzuia kutapika, huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayoibana prolaktini, homoni ya maziwa. Dopamini ikizuiwa prolaktini hupanda, na prolaktini huinyamazisha kisipeptini. Dawa ya akili isikatishwe kienyeji. Daktari aliyeiandika ndiye wa kuibadilisha. Prolaktini ikiwa juu sana, na mtu anaumwa kichwa au haoni vizuri pembeni, huenda kuna uvimbe kwenye pituitari, na picha ya MRI inahitajika. Uvimbe wa aina hiyo mara nyingi husinyaa kwa vidonge vya kabergolini, vinavyofanya kazi ya dopamini, na wagonjwa wengi testosteroni yao hupanda yenyewe bila kuchomwa sindano hata moja.