Dubu wa barafu na tembo wa Liwale: marufuku inasaidia wapi na wapi haisaidii

Juzi hapa Lindi mjini tumekaa kwenye kahawa jioni, kijana mmoja akatoa simu akatuonesha ile video ya 2017 ya dubu mweupe kule kaskazini mwa Kanada, kakonda mbavu zote nje, miguu ya nyuma anaiburuza, anachokonoa pipa lenye kutu akitafuta chakula. Ubishi ukaanza hapohapo. Mmoja akasema Wazungu wametia chumvi, dubu wapo wengi tu, mwingine akasema basi kule wawindaji wapigwe marufuku kabisa yaishe. Mi nikarudi nyumbani bado linanisumbua maana naona wote wawili wana kipande cha ukweli na wote wawili wamekosea pakubwa.

Huyu wa chumvi kwanza. Kweli jarida la National Geographic, walioisambaza ile video, wenyewe 2018 walikiri walipitiliza kuifungamanisha ile video moja kwa moja na mabadiliko ya tabianchi, kwa sababu hakuna aliyejua kwa hakika dubu yule mmoja kakondeshwa na nini. Na kweli kuna sehemu kama Kane Basin, kati ya Kanada na Greenland, ambako dubu wamenenepa kidogo. Ila angalia ghuba ya Hudson Bay huko Kanada, upande wa magharibi: miaka ya 1980 walikuwepo kama 1,200, mwaka 2016 wakahesabiwa 842, mwaka 2021 wamebaki 618 hivi. Dubu huyu anamvua sili, mnyama wa baharini, akiwa juu ya barafu, anakaa pale kwenye tundu ambalo sili anatokea kupumua, anasubiri, kama mvuvi wetu na ngalawa yake. Barafu ikiyeyuka mapema ni kama umemnyang'anya mvuvi ngalawa halafu unamwambia bahari si hiyo hapo. Anapanda nchi kavu anafunga, anakula matunda ya porini na mayai ya ndege ambayo hayamtoshi, mafuta ya mwilini yanaisha, maziwa ya mama yanapungua na watoto ndio wanaotangulia kufa.

Sasa huyu wa marufuku. Yeye naye ana historia upande wake, kwa sababu zamani risasi ndiyo ilikuwa inawamaliza, mpaka 1973 nchi tano zenye dubu zikasaini mkataba kule Oslo kubana uwindaji na sehemu nyingi wakarudi. Leo duniani wanakadiriwa kama 26,000, karibu theluthi mbili wako Kanada, na huko Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini, wanaruhusiwa kuwinda kwa idadi maalum, nyama wanakula na ngozi wanauza. Mwaka 2010 kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, pale Doha Marekani ikataka biashara ya kimataifa ya ngozi hizo ifungwe, Wainuiti wakapinga na pendekezo likaanguka.

Na sisi tulikuwepo Doha, watu wengi hawajui hili. Mkutano huohuo Tanzania iliomba kuuza karibu tani 90 za pembe za ndovu na ikakataliwa. Wakati ule mi nilikasirika kweli, maana mjomba wangu yuko Liwale na mtu ambaye hajawahi kulala kwenye dungu hawezi kukwambia kitu kuhusu tembo. Usiku unasikia mahindi yanavunjika kaa kaa kaa gizani, unagonga debe, unawasha moto, pilipili umeshafunga kwenye kamba na oili chafu, asubuhi shamba limelala chini na kifuta jasho utakisubiri mpaka msimu mwingine. Lakini hesabu zikaja kunisuta: kwenye hifadhi za Selous na Mikumi 2009 tembo walikuwa kama 39,000, mwaka 2013 wamebaki kama 13,000. Tunaomba kuuza huku majangili wanatumaliza. Kwa hiyo waliotukatalia walikuwa na hoja, hilo nalikubali hata kama mjomba hatalipenda.

Ila tofauti ni hii na ndiyo naona watu wanaichanganya: tembo wetu aliuawa na bunduki, kwa hiyo ukibana soko la pembe umegusa kinachomuua. Dubu wa leo anauawa na joto. Hata ukimnyang'anya Muinuiti bunduki yake barafu haitarudi hata siku moja, umeongeza tu njaa ya mtu ambaye dubu anapita mlangoni kwake. Idadi ya kuwinda isimamiwe kwa ukali, ndiyo, hasa pale wanapopungua kama Hudson Bay, lakini asitokee mtu akasema amemuokoa dubu kwa kufunga soko la ngozi wakati moshi wa makaa, mafuta na gesi unaendelea kupanda.

Na nikisema gesi najua nasema wapi. Sisi hapa tunausubiri mradi wa LNG, yaani gesi asilia inayogeuzwa kimiminika ili isafirishwe, wa Likong'o miaka yote hii, vijana wanauliza ajira kila siku, na mi nautaka uje kwa sababu moshi tuliochangia sisi ni kidogo sana ukiulinganisha na wa Ulaya na Marekani. Lakini gesi ile ikichomwa huko itakakouzwa inaingia kwenye hewa ileile inayoyeyusha ile barafu, na jioni ile pale kwenye kahawa hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja hilo, na mimi pia nilinyamaza.