Mlima wa Wakatalani uko Ufaransa, na bado wanaupanda

Jana jioni moto wa mlima Canigó umeingia mtaani kwetu hapa Barcelona, mji wa Wakatalani, watu wa jimbo la Katalunya huku Hispania. Umebebwa na majirani tu: mama wa duka la dawa, vijana wa shule, wazee. Hakuna msafara wa magari, hakuna mchango uliopitishwa nyumba kwa nyumba. Nilifurahi, halafu nikapandwa na hasira, na hasira yenyewe ni juu yetu sisi Watanzania.

Canigó una mita 2,784, na tangu mkataba wa mpaka wa 1659 kati ya Hispania na Ufaransa uko upande wa Ufaransa. Wakatalani wa Hispania hawashindi wakibishana mlima ni wa nani. Wanapanda. Desturi hii ilianza 1955: moto unawashwa kileleni kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Siku hizi unatunzwa Perpignan, mji wa upande wa Ufaransa, mwaka mzima, tarehe 22 Juni unapandishwa, na watu hubeba kuni za vijiji vyao hadi juu. Kesho yake umeshavuka mpaka.

Sisi akitokea Mkenya mmoja kuandika kwamba Kilimanjaro ni wa kwao, hatulali. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kupita geti la Marangu na kuupanda? Wanaopanda ni kaka zetu, na mizigo waliyojitwika si yao.

Najua mtasema: huyu kafika Ulaya juzi, leo anatufundisha. Jamani, mimi ni mtoto wa Marangu. Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, nimekiona kabla sijajua kusoma, na Canigó haufiki hata nusu ya urefu wake. Moto kileleni nasi tunaujua. Mwanajeshi wetu Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge kule Kibo usiku wa uhuru, Desemba 1961.

Mtasema pesa. Kweli, kufika Uhuru, kileleni kabisa, ni siku tano au zaidi, na gharama zake si za mtu wa kawaida. Sisemi Uhuru. Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, iko mita 2,700 hivi, karibu sawa na kilele cha Canigó, mwendo wa saa chache msituni, na raia halipi kama mgeni. Kila Desemba tunajaza mabasi kurudi nyumbani, tunachinja, tunakunywa mbege, tunapiga picha mlima ukiwa mgongoni, basi. Wala msiniambie hatuna nguvu. Mama zetu walipandisha majani ya ng'ombe kutoka tambarare, kichwani!

Krismasi ikipita naenda Mandara na wadogo zangu. Wa Rombo, wa Kibosho, wa Machame, tukutane getini asubuhi. Nawe uliyebishana na Wakenya wiki nzima, nakutegemea uwepo.